Kazi za Mafundi na Wanamuziki wa Mji Wetu: Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wananchi

Mji wa Zanzibar ni mdogo ukilinganishwa na Dar es Salaam, lakini unajulikana duniani kwa mambo mawili: milango ya kuchongwa na taarab. Makala haya yanakusudia kueleza namna mambo hayo yanavyoishi, kwani mara nyingi tunayasifu pasipo kujua yanaishi kwa riziki gani.

Mlango kamili wa Mji Mkongwe una miimo miwili, kizingiti cha juu, mabawa mawili na mfaa, yaani ule mti wa katikati uliopigiliwa kwenye bawa moja ili kuficha mwanya. Juu ya mbao hizo fundi alichonga mnyororo, yungiyungi, samaki. Milango ya awali ilikuwa na kizingiti cha mraba. Iliyofuata ikapata upinde na nakshi nyingi zaidi zenye athari za India. Fundi hakuichonga ili aiweke dukani kusubiri mnunuzi. Aliitwa na mwenye nyumba, akapima ukuta, akachonga kwa kadiri ya heshima ambayo mwenye nyumba alitaka ionekane barabarani.

Taarab nayo ilikuwa hivyo hivyo. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Lakini nyumbani vikundi vililelewa na harusi, sikukuu na wanachama wenyewe. Palikuwa na mtu aliyewahitaji wanamuziki usiku fulani, naye akawaita.

Mwito huo ukikoma, kazi nayo hukoma, hata kama hakuna aliyeichukia. Mfano mzuri uko mbali na bahari, katika nyanda za Mbulu na Hanang, ambako ndiko iliko Gitting. Huko wasichana wa Kiiraqw walikuwa wakishona sketi za ngozi zilizopambwa kwa shanga nyingi mno, wakizivaa walipotoka katika unyago ulioitwa marmo. Marmo ilikoma wakati wa utawala wa Mwingereza. Sketi zikakosa siku ya kuvaliwa, na nyingine leo zimo katika majumba ya makumbusho, zimehifadhiwa vizuri sana.

Kwetu sisi sifa hazikukosekana. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilianza mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004. Matamasha hayo yameleta wageni na yanastahiki shukrani. Hata hivyo, Sauti za Busara haikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Kubwa zaidi ni Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanza mwaka 2002 na kufundisha udi, fidla, kanuni na ngoma katika Jumba la Forodha la zamani, Mizingani. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba fedha za wafadhili zimekwisha na kwamba huenda kikafunga milango. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na kuimudu ni kazi ya miaka. Tamasha lililokosa mwaka mmoja hurudi mwaka wa pili. Mwalimu aliyeondoka kutafuta riziki pengine harudi na wanafunzi wake.

Upande wa majengo tumekwisha kuonja. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika zama za Sultani Barghash, iliporomoka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jumba kama lile huhitaji mafundi wa chokaa, mawe na mbao, na fundi wa namna hiyo hapatikani kwa kutafutwa siku jengo linapoanguka.

Kwa hivyo ofisi inapoandaa orodha ya manunuzi ya meza, milango au mapambo ya ukumbi, ni vyema iulize kwanza bei ya karakana za hapa kabla ya kuandika samani za kutoka nje. Vivyo hivyo kwa hafla: kikundi cha taarab kinachopiga saa mbili kwa malipo kamili husaidika kuliko kikundi kinachoombwa kujitolea kwa ajili ya utamaduni.

Wananchi wakumbuke pia kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda mtunzi, na mwenye hoteli au mkahawa anayetumia nyimbo zake kwa biashara anapaswa kupata idhini. Mwenye nyumba katika Mji Mkongwe anayetaka kuondoa au kubadilisha mlango afike kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, apate kibali kabla fundi hajagusa mbao.