Ramani ya zamani mu ordinatere: shimo iko ya nani?

Kule Rubaya katika Masisi, na kule Bisie katika Walikale, mpaka wa permi hauonekani chini. Mpaka iko mu karatasi, na leo iko mu ordinatere. Njo maana sisi tunaona wachimbaji na jamaa zao wanapashwa kujua namna gani ramani ya zamani inaweza kukaa mahali pabaya, wakati wanaiingiza mu programu mupya ya kuchora.

Ramani za wakati wa Wabelgiji zilifuata Clarke 1880, hesabu ya zamani ya umbo la dunia. GPS ya telefone yetu inafuata hesabu ingine, WGS 84. Namba zile zile hazionyeshi mahali pamoja. Huku kwetu, kati ya kipimo cha Arc 1950, chenye kusimama juu ya Clarke 1880, na WGS 84, tofauti inafika karibu mita 300. Mutu akitia namba za zamani vile ziko, kilima chote kinasogea upande wa kaskazini.

Mita 300 ni kitu gani? Kodi ya mini ya 2002, iliyobadilishwa 2018, inahesabu permi kwa kare. Kare moja ni karibu hekta 85, ni kusema mita 920 hivi kila upande. Basi mchoro umehama theluthi ya kare. Shimo inatoka mu permi ya huyu na kuingia mu permi ya yule, na hakuna mutu aliyesogeza hata jiwe.

Kuna kosa lingine. Masisi na Walikale ziko kusini ya ikweta, mu zone 35 ya UTM. Wakiandika kaskazini, mchoro unatupwa karibu na Ncha ya Kaskazini. Hilo linaonekana mara moja. Lile la mita 300 njo la hatari, ju ya linafanana na ukweli.

Dawa si kuvuta mchoro kwa macho juu ya foto ya satelite mpaka ukae muzuri. Kwanza wasome pembeni ya ramani ilipimwa kwa hesabu gani, na wageuze namba. Kisha watafute alama mbili zenye kuwa mu ramani na chini pia: borne, ao mahali mito miwili inakutana. Alama ya tatu inakuwa shahidi. Kama haikai mahali pake, kazi irudiliwe.

Siku wakiwaonyesha mustari juu ya ekra, muulize: namba zilitoka mu ramani gani? Ziligeuzwa? Alama ya tatu iko wapi? Kisha muende pale na telefone mukononi. Namba zenye kuhesabika ni zile za permi, zilizoandikwa ku Cadastre Minier. Koperative iombe namba hizo kwa maandishi, mbele ya kukubali kuhamisha mutu mu shimo yake.