Mdudu wa Siku Moja: Kweli au Uongo?

Bila shaka umeshasikia habari za mdudu anayezaliwa asubuhi akafa jioni. Huko Ulaya anayevuma zaidi ni Palingenia longicauda wa mto Tisza, Hungaria. Ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa bara hilo: ukimpima pamoja na mikia yake hufika sentimita 12. Anasimuliwa mengi. Tuyachuje.

"Anaishi siku moja tu."
UONGO. Huishi miaka mitatu hivi, karibu yote akiwa tunutu ndani ya vishimo alivyochimba kwenye udongo mzito wa ukingo, chini ya maji. Mabawa humwota mwishoni kabisa, kwa kawaida mwezi Juni, na hapo kweli amebakiwa na saa chache. Wavuvi wa Tisza walilijua hilo zamani: walifukua udongo huo, wakatoa tunutu, wakawafanya chambo.

"Akiota mabawa, hali kitu."
KWELI. Kinywa chake kimedumaa. Hutumia akiba aliyojiwekea majini, na kazi iliyobaki ni kupandana na kutaga.

"Wanatanda mto mzima, hao si adimu."
UONGO. Wingi wa jioni moja usikuhadae. Zamani alikuwepo hadi mto Rhine, lakini uchafu wa maji na kingo zilizojengewa mawe vilimfuta Ulaya Magharibi. Leo ngome yake kuu ni Tisza na mito inayomwaga humo.

"Sumu ya mwaka 2000 ilimmaliza."
UONGO. Tarehe 30 Januari mwaka huo, bwawa la topesumu la kiwanda cha kuchenjua dhahabu lilipasuka Baia Mare, Romania. Sayanaidi iliteremka hadi Tisza, samaki wakafa kwa wingi wa kutisha. Lakini sumu ilipita na maji, na tunutu waliojichimbia ukingoni walisalimika, wakaendeleza kizazi.

"Majike huruka kupandisha mto."
KWELI. Mayai husombwa na mkondo kabla ya kutua chini, basi jike huanza kwa kupanda kilomita kadhaa ili kufidia. Kinachomkwaza ni daraja: yeye hufuata mng'ao wa maji, na daraja likiukata, wengi hugeuza.

Kwa hiyo anayetaka kumhifadhi aanzie kwenye ukingo. Mto ukiwa safi lakini udongo wake umefunikwa zege, tunutu hana pa kuchimba.