Mtu Mzima Arukapo Kichwangomba

Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona kuwa la upuuzi, nalo ni mtu mzima kuruka kichwangomba. Mwajua wenyewe jinsi mtoto afanyavyo: hutia kichwa chini, miguu ikapita juu, akaangukia upande wa pili akicheka, naye hurudia mara ishirini bila kuchoka. Sisi nasi tulikuwa hodari. Tena tulitembea kwa mikono toka mlango wa darasa hata mwembeni, wenzetu wakihesabu hatua.

Basi jioni moja, masika yalipokwisha na majani ya uani yakiwa mengi, mwanetu alituuliza, "Baba, wewe zamani uliweza hivi?" Tukamjibu kwamba tuliweza. Akasema, "Haya, tuone." Mwalimu asemaye neno mbele ya watoto asiweze kulitenda, kesho atafundisha nini? Tukavua kanzu, tukainama, tukajitupa.

Miguu ilipita, hilo twashukuru. Lakini shingo iliuma, mgongo ukapiga chini kama gunia la mahindi, na tulipoketi tuliona nyumba na mwembe na watoto vyote vyazunguka, hata tukashika majani kwa mikono miwili tusianguke, ingawa tulikuwa tumekwisha kuanguka. Katika kuzunguka huko tulimwona mama mkwe wetu, amesimama karibu na jiko na ungo wake mkononi. Akageuza uso kwa adabu, akapita kama mtu aliyeona kuku tu.

Tukatafuta sababu ya kisunzi kile. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye maji. Kichwa kigeukapo, maji yale huchelewa kidogo kufuata, na kwa huko kuchelewa ubongo hupata habari ya kwamba twageuka. Kichwa kikisimama ghafula, maji huendelea kwenda, na ubongo hudhani twazunguka bado. Mtoto naye ana maji hayo hayo. Illa ubongo wa mtu ajipinduaye kila siku huizoea habari hiyo, ukaacha kuhangaika. Aliyeacha miaka thelathini amepoteza mazoea. Tena karibu na mifereji ile mna vijiwe vidogo sana vya chokaa, navyo kwa watu waliopita makamo huweza kung'oka mahali pake na kuingia katika mifereji. Ndipo mtu apatapo kisunzi hata kwa kujigeuza kitandani. Na zaidi ya hayo, mtoto ni mfupi na mwepesi. Aangukapo, haanguki kutoka mbali.

Je, mtu mzima aache kabisa? Kulikuwa na mwanamke wa Ujerumani, Johanna Quaas, aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 2012, akiwa na miaka 86, kitabu cha Guinness kilimwandika kuwa mchezaji wa mazoezi ya viungo mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani. Lakini msimchukue kuwa mfano wa kujitupa kama sisi tulivyojitupa. Yeye alianza utotoni, akawa mwalimu wa mazoezi hayo, na alipopita miaka hamsini akarudi mashindanoni. Mwili wake haukuambiwa siku moja tu, "Haya, tuone."

Mwaka huo huo wa 2012 madaktari wa Brazil walitoa habari ya watu 2,002, wenye miaka 51 hata 80. Kila mtu aliambiwa aketi chini sakafuni, kisha asimame. Alama kamili ni 10, tano za kuketi na tano za kusimama. Kila aegemeapo mkono au goti, hupungukiwa alama moja. Katika miaka sita hivi iliyofuata, waliopata alama 3 au chini walikufa mara tano au sita zaidi kuliko waliopata 8 au zaidi. Haina maana kwamba mkono uwekwao chini ndio uuao. Ni dalili tu ya nguvu za miguu, wepesi wa viungo, na uwezo wa kujishikilia. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wenye umri zaidi ya miaka 60.

Tulijaribu jambo hilo juu ya mkeka, mlango umefungwa. Tulishika goti, tukashika na chini, tukapata 8. Kisha tukatoka nje, tukamwona mama mkwe wetu, ambaye amepita miaka sabini, akipepeta mchele mkekani. Alipoitwa aliinuka na ungo mikononi, asiguse chini wala goti, wala hata punje moja isimwagike. Sisi tuna viti vinne nyumbani. Yeye hapendi kuvikalia.

Atakaye kujaribu, asianze kwa kichwa. Kwanza asimame kwa mguu mmoja aoshapo mguu wa pili. Aketi mkekani na kuinuka, mara chache kila siku. Baada ya majuma kadhaa apige magoti penye majani laini, aweke kidevu kifuani, ajiviringishe juu ya bega moja, mgongo ukivukwa kishazari hata nyonga ya upande wa pili. Utosi na shingo visibebe uzito. Mwenye mifupa dhaifu, au ugonjwa wa macho, au shinikizo la damu, au maumivu ya shingo, amwulize daktari kwanza. Na mama mjamzito asijaribu.

Sisi twaendelea, jioni, nyuma ya nyumba. Kisunzi kimepungua. Mwanetu asema miguu yetu haijanyooka bado, naye hutuonyesha tena inavyotakiwa.