Je, Wajua? Kanuni ya Theluthi

Je, wajua kwamba kanuni ya theluthi, inayofunzwa wanaoanza kupiga picha, ilipewa jina hilo mwaka wa 1797, miongo kadhaa kabla ya upigaji picha kuvumbuliwa, katika kitabu cha msanii Mwingereza John Thomas Smith kuhusu mandhari ya mashambani?

Kanuni hiyo huigawa fremu, yaani eneo lote linaloonekana ndani ya kamera, kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, na kitu kikuu huwekwa penye makutano ya mistari hiyo badala ya katikati. Kenyenya, katika vilima vya Kaunti ya Kisii, mpiga picha anaweza kuiachia anga theluthi ya juu na kuipa migomba na mashamba ya chai theluthi mbili zilizobaki, ili mteremko wa ardhi uonekane kikamilifu.

Njia ya miguu inayopanda kilima nayo hutumika kama mstari elekezi, yaani mstari unaoliongoza jicho la mtazamaji hadi kwenye kitu kikuu, kama vile mchumaji wa chai. Simu nyingi zina gridi inayoionyesha mistari ya theluthi, hivyo kanuni hii inaweza kujifunzwa bila kamera ya gharama kubwa.