Kocha Akibisha Hodi: Namna Vyuo vya Marekani Vinavyosaka Wachezaji wa Vikapu

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Bila shaka unamkumbuka yule mwenzetu mrefu wa timu ya mpira wa vikapu, ambaye jina lake nalibana kwa heshima yake. Muhula wa pili mwaka jana aliingia bwenini akicheka hadi jino la mwisho. Jamaa mmoja aliyejiita wakala alikuwa amemwandikia, eti amemwona akicheza na amempatia nafasi katika chuo kimoja cha Marekani. Kilichobaki ni shilingi 60,000 tu "za kufungua faili". Mama yake alikuwa tayari kuuza mtamba wa pekee aliyebaki bomani.

Mwalimu wetu wa michezo akamwambia, "Ngoja kwanza, kijana wangu. Andikia chuo chenyewe." Tukaandika. Siku ya nne jibu likaja: hawamjui wakala huyo, wala hawajapata kulisikia jina la mwenzetu. Mtamba akapona! Lakini mimi nilibaki na swali. Hao wanaochaguliwa kweli, huchaguliwaje? Nimelifuatilia jambo hili, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuelewe uwanja wenyewe. Vyuo vingi vya Marekani viko chini ya chama kiitwacho NCAA, ambacho kimevigawa katika madaraja matatu. Daraja la kwanza lina vyuo zaidi ya 350, na kila mwezi wa Machi timu za wanaume na za wanawake hupambana kuwania ubingwa wa taifa huku nchi nzima ikitazama. Daraja la pili hutoa ufadhili wa michezo, ila mara nyingi ni wa sehemu tu ya karo. Daraja la tatu halitoi ufadhili wowote wa michezo. Huko husaidiwa kwa sababu ya alama zako au uhaba wa pesa nyumbani. Basi mtu akikuahidi "skolashipu ya vikapu" katika chuo cha daraja la tatu, jua unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa tuje kwa kocha. Wengi wetu hudhani kocha huzunguka akitafuta mchezaji hodari kuliko wote. Sivyo! Kocha huanza kwa kuhesabu viti. Nani anamaliza masomo mwaka huu? Nani ataumia goti? Nani atahama? Akiona hana mchezeshaji wa kuleta mpira mbele, hata uwe na urefu wa mnazi hatakuhitaji. Anatafuta mtu wa kuziba pengo. Na viti vyenyewe ni vichache. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na fadhili 13, ya wanawake 15. Tangu 2025, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vinaruhusiwa wachezaji 15 kila timu, basi.

Akishajua pengo lake, huwatuma wasaidizi wake wakatazame. Wakati wa baridi huenda kwenye mechi za shule. Wakati wa kiangazi huenda kwenye mashindano ya vilabu vya vijana, ambako katika ukumbi mmoja huweza kuona mechi kadhaa zikichezwa kwa wakati mmoja. Hawatazami mpira wa kutumbukia kapuni peke yake. Hutazama kijana anavyorudi kukaba akichoka, anavyokaa kwenye benchi akitolewa, na anavyomjibu kocha wake akikemewa. Hebu jiulize, mwenzangu: wewe ukitolewa nje huwa unafanyaje?

Kisha kuna sheria. Makocha wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kumsumbua mtoto wapendavyo. Kule shule ya upili ni miaka minne, na kwa vikapu vya wanaume kocha hungoja hadi tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili ndipo ampigie mchezaji simu au kumwandikia. Kuna majira ya kutembeleana na majira ambayo kukutana ana kwa ana ni marufuku. Ziara rasmi ya kukiona chuo hulipiwa na chuo chenyewe. Zingatia hapo: anayesaka ndiye anayelipa! Kocha huja hadi sebuleni, akaketi na wazazi, akanywa chai, akaeleza mipango yake.

Mwisho huja ahadi. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu yeyote. Kinachohesabika ni mkataba wa ufadhili uliotiwa sahihi. Na hata huo usomwe neno kwa neno, maana mwingine ni wa mwaka mmoja tu, nao huweza kufanywa upya au usifanywe.

Je, makocha hawakosei? Hukosea sana! Stephen Curry alipomaliza shule mwaka 2006, vyuo vikubwa vilimwona mwembamba na mfupi. Hata Virginia Tech, chuo alichochezea baba yake, hakikumpa ufadhili. Akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, kwa kocha Bob McKillop. Mwaka 2008 aliifikisha timu hiyo katika nane bora za taifa, ikafungwa na Kansas kwa pointi mbili tu. Mwaka 2009 akaingia ligi ya NBA. Na mwaka 2022, akiwa tajiri na bingwa, alimalizia shahada yake Davidson.

Mwingine ni jirani yetu, marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Yeye alikwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo, akitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson alimkuta huko huko chuoni, akamwingiza uwanjani. Mutombo hakuwa daktari, lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ilifunguliwa. Kalamu ndiyo iliyomfungulia mlango, mpira ukafuata.

Na hapa nyumbani tunaye Madina Okot. Alichezea Chuo Kikuu cha Zetech kwanza, akaenda Mississippi State mwaka 2024, kisha akahamia South Carolina mwaka 2025.

Kuhama kwake kunatuleta kwenye badiliko kubwa la siku hizi. Tangu 2018 kuna orodha rasmi ya wachezaji wanaotaka kubadilisha chuo. Zamani mchezaji wa vikapu akihama alikaa mwaka mzima bila kucheza. Mwaka 2021 sharti hilo liliondolewa kwa anayehama mara ya kwanza, na mwaka 2024 hata kwa anayehama tena, mradi alama zake ziwe nzuri. Matokeo ni nini? Kocha mwenye pengo huona heri amchukue kijana wa miaka 21 aliyekwisha kupimwa kuliko kumlea wa miaka 18. Kwa hiyo viti vya wanaotoka shule ya upili vimepungua.

Kuna pia pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaweza kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Lakini usikimbilie kununua mkoba! Mgeni mwenye viza ya masomo hubanwa na sheria za uhamiaji kuhusu kazi na malipo.

Basi, ndugu msomaji, ukiandikiwa kesho, uliza haya. Kwanza, kocha ana pengo gani ninaloweza kuziba? Pili, ufadhili ni wa miaka mingapi, na nikiumia itakuwaje? Tatu, kwa nini nilipe mimi? Na kabla ya hayo yote, jiulize kuhusu alama zako. Daraja la kwanza hudai masomo 16 ya msingi, yakiwemo Kiingereza, hisabati na sayansi, na wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Vyeti vya wageni navyo hukaguliwa kabla hawajakanyaga uwanja.

Mwenzetu, je? Alituma mwenyewe kanda za mechi zake kwa vyuo kadhaa, bila wakala. Vingi vilinyamaza. Kimoja kidogo kimemjibu, na hakikuuliza urefu wake wala idadi ya pointi anazofunga. Kimemwomba matokeo yake ya hisabati. Ndiyo sababu siku hizi ukipita karibu na maktaba saa za jioni utaona miguu mirefu imetokeza chini ya meza. Mtamba naye, nasikia, amezaa.