Gari lina daftari lake: Namba zilivyozima ugomvi wa petroli Rumonge

JIONI moja ya mwaka 2023 mpwa wangu alifika nyumbani kwangu Rumonge akiwa amekunja uso. Hata shikamoo aliitoa akiwa bado mlangoni, akakaa bila kukaribishwa.

"Mjomba, yule mzee ameniua," alisema. "Petroli yake imechanganywa. Gari limekufa mlimani."

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX STI, lile la injini ya lita mbili yenye tabo. Alilinunua likiwa limetumika, mjini Dar es Salaam, kwa akiba ya miaka mitatu ya biashara ya mawese na dagaa. Akalipitisha Kigoma, Manyovu na Mugina hadi hapa. Mimi nilimshauri anunue gari la kubebea mizigo, akanicheka. Alikuwa na mteja Bujumbura, kijana anayependa mashindano ya magari, na walishapatana bei. Siku ya kulikabidhi ilikuwa imebaki juma moja na nusu. Injini ikifa, mtaji wote umekwenda nayo.

Lakini kilichonitisha zaidi si mtaji. Mzee aliyemtaja anauza petroli ya madumu kando ya barabara, kama wengi walivyolazimika kufanya tangu mafuta yalipoanza kuadimika nchini. Yeye ni wa familia iliyobaki mwaka 1972. Sisi ni wa familia iliyokimbia. Kati ya nyumba yake na yetu paliwahi kuwa na shauri la kiwanja lililochukua miaka kumalizika. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kuzikana na kualikana harusini. Na sasa mpwa wangu alikuwa tayari amekusanya vijana wawili waende "kumwuliza vizuri".

Nikamwomba siku mbili. "Kabla hujamwuliza mzee," nikamwambia, "tuliulize gari."

Lugha ya mistari

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilizaliwa na kusomea Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi. Niliporudi mwaka 2009 nilikuta shule za huku zinafundisha kwa Kifaransa, nami Kifaransa sikukijua. Wenzangu waliorudi wataikumbuka aibu hiyo. Miezi ya mwanzo kilichoniokoa ubaoni ni grafu. Mstari ukipanda, kila mtoto anaona kuwa umepanda, hata kama mwalimu hajui kulisema hilo kwa lugha ya darasani.

Magari ya kisasa nayo huandika grafu. Kompyuta ya injini husoma sensa zake muda wote: mwendo wa injini, kiasi cha hewa inayoingia, joto la maji, msukumo wa tabo, wakati wa kupiga cheche. Chini ya dashibodi kuna tundu dogo. Ukichomeka kebo inayofaa na kompyuta ya mapajani yenye programu ya kurekodi, habari zote hizo zinaingia kwenye faili mara kadhaa kwa kila sekunde. Kwa magari ya Subaru iko programu ya bure iitwayo RomRaider. Faili lake hufunguka kama jedwali la kawaida la hesabu, na ukitaka unalichorea grafu.

Hapa wafanyabiashara wawe makini. Marekani iliyalazimisha magari ya kuanzia mwaka 1996 kutumia mfumo mmoja wa tundu hilo, na Ulaya ikafanya hivyo kwa magari mapya ya petroli mwaka 2001. Lakini magari mengi ya Japani ya miaka hiyo, yaliyotengenezwa kwa soko la huko huko, huzungumza lugha ya kampuni yao. Kifaa cha bei rahisi kinachosoma gari la Ulaya chaweza kukaa kimya kabisa kwenye gari kama la mpwa wangu. Sisi tuliazima kebo kwa fundi mmoja wa Bujumbura.

Safari ya kwanza

Kutoka Rumonge kwenda Bururi barabara inapanda haraka. Ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Bururi iko juu ya ziwa kwa zaidi ya kilomita moja. Hewa huko ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kufanya kazi zaidi ili kuijaza injini. Kama gari lina ugonjwa, mlima huo utautoa nje.

Mpwa wangu alishika usukani, mimi nikapakata kompyuta. Tulikubaliana kuwa dereva hatazami kioo cha kompyuta hata kidogo. Tunarekodi tu, tutasoma tukiwa tumeegesha. Tulipanda mlima wa kwanza, gari likapoteza nguvu palepale aliposema, tukageuza. Petroli yenyewe ya kuhesabu, hakuna ya kuchezea.

Tulipoegesha, tuliangalia namba tatu.

Ya kwanza ni ya kugonga. Kwenye injini hiyo kuna sensa inayosikiliza kama sikio lililobandikwa chumani. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, sensa inasikia mgongo huo, na kompyuta inachelewesha cheche ili kuokoa pistoni. Tulikuta imechelewesha kwa nyuzi 5 kila tulipokanyaga mafuta mlimani. Ndiyo maana nguvu zilipotea. Gari lilikuwa linajilinda lisijivunje.

Ya pili ni alama ambayo kompyuta ya gari hilo hujipa, kutoka 0 hadi 16, kuonyesha ni kiasi gani inaamini kuwa injini inaweza kwenda bila kugonga. Gari zima huwa na 16. Letu lilikuwa na 8, yaani mwanafunzi aliyepata nusu.

"Umeona?" mpwa wangu akaruka. "Petroli!"

Nikamwonyesha ya tatu. Kompyuta hujifunza kama mchanganyiko wa hewa na petroli uko sawa, kisha huongeza au hupunguza mafuta kwa asilimia fulani. Tofauti ya asilimia 3 au 4 ni ya kawaida. Yetu ilikuwa asilimia 14 za kuongeza. Maana yake, injini ilikuwa inapata hewa nyingi kuliko ile iliyopimwa mlangoni.

Petroli dhaifu huifanya injini igonge, ni kweli. Lakini udhaifu huo peke yake hauiambii kompyuta iongeze mafuta kwa kiasi hicho. Kulikuwa na jambo jingine.

Badilisha kitu kimoja tu

Darasani huwaambia wanafunzi kwamba katika jaribio unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha. Tukaitoa petroli yote ya mzee kwenye tangi. Ndugu yetu mmoja alituletea lita kumi za kituo cha mafuta cha Bujumbura, alikopanga foleni tangu usiku. Tukapanda mlima uleule, gia zilezile, dereva yuleyule.

Nilipoweka grafu mbili pamoja, mistari ililaliana. Kugonga kulekule, asilimia 14 zilezile. Kama kosa lingekuwa la dumu la mzee, mistari ingeachana. Mpwa wangu aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kwenye Subaru hizo, hewa ikishapita kwenye sensa ya kuipima, inaingia katika mpira mnene unaopita chini ya manifoldi hadi kwenye tabo. Mpira huo ukizeeka hupasuka mahali pasipoonekana. Hewa isiyopimwa inanyonywa kupitia ufa, mchanganyiko unakosa mafuta, joto linapanda, injini inagonga.

Tuliziba mdomo wa mpira, fundi akapuliza hewa kidogo kwa kompresa ya kujazia matairi, tukapaka maji ya sabuni. Chini kabisa, kwa mwanga wa tochi, mapovu yakaanza kutoka. Ufa ulikuwa na urefu wa kidole.

Mpira mwingine ulipatikana Dar es Salaam, ukafika kwa basi na kisha kwa mkono wa mfanyabiashara mwenzake. Ulipofungwa, tukafuta kumbukumbu za kompyuta na kurekodi upya. Asilimia zilishuka hadi 2, na baada ya siku mbili za kuliendesha alama ilirudi 16. Mlimani bado cheche ilichelewa nyuzi moja au mbili mara chache. Hilo halikunishangaza. Kipimo cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu ifike oktani 96, na gari hilo lilitengenezwa kwa mafuta hayo. Nilimwambia mpwa wangu amweleze mteja ukweli huo, na asikubali mtu yeyote aongeze msukumo wa tabo. Alimweleza, tena akamwonyesha na grafu. Gari lilinunuliwa kwa bei ileile.

Kwa wanaovuka mpaka

Nimeyaandika haya kwa sababu wengi wetu tunanunua magari yaliyotumika, na muuzaji siku zote husema gari halina tatizo. Taa ya injini kutowaka si ushahidi. Ya mpwa wangu haikuwaka hata siku moja. Kabla hujatoa fedha, omba gari lirekodiwe likiwa limepata moto, likiwa limesimama na likipanda mlima. Tazama joto la maji, tazama asilimia za mafuta, tazama kugonga. Mwulize pia muuzaji kama kumbukumbu zimefutwa karibuni, kwani gari lililofutwa asubuhi huonekana halina kosa mchana. Na fundi akikwambia badilisha hiki, mwombe akuonyeshe namba iliyomfanya aseme hivyo.

Jumapili iliyofuata mpwa wangu alikwenda kwa mzee. Vijana wale wawili hakwenda nao. Alibeba kilo mbili za dagaa, akamweleza jinsi alivyomdhania na alichotaka kumfanyia. Sikuwapo. Najua tu alichonisimulia: mzee alinyamaza, kisha akasema kuwa tangu mafuta yalipoadimika watu wengi wamemtuhumu, ila huyu ndiye wa kwanza kurudi.

Karatasi yenye mistari ile miwili iliyolaliana ninayo bado. Kila mwaka, ninapoanza somo la majaribio, ndiyo ninayoibandika ubaoni kwanza.