iHub (Nairobi)

iHub ni kituo cha wataalamu wa teknolojia ya habari mjini Nairobi, Kenya, kilichofunguliwa mwezi Machi 2010. Katika miaka yake ya mwanzo kilijulikana hasa kama mahali pa kukutania wanaprogramu, yaani watu wanaoandika programu za kompyuta na za simu za mkononi. Pamoja nao walifika wabunifu wa tovuti, watafiti na watu wenye mitaji. Ni moja ya sababu za Nairobi kupewa jina la utani "Silicon Savannah", kwa kufananishwa na Silicon Valley ya California.

Chanzo

Jumuiya ilitangulia, jengo likafuata. Wanaprogramu wa Nairobi walikuwa tayari na kikundi kilichoitwa Skunkworks, wakisaidiana kwa barua pepe na kukutana walipopata nafasi. Mwaka 2008 ulifanyika mjini humo mkutano wa aina ya BarCamp. Mikutano ya aina hiyo haina ratiba iliyopangwa mapema: anayefika asubuhi huandika ubaoni jambo analotaka kulizungumzia, na wanaopendezwa nalo humfuata. Miongoni mwa yaliyozungumzwa ni haja ya kuwa na mahali pa kudumu.

Mwaka huohuo, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Iliandikwa kwa siku chache tu na watu waliokuwa katika nchi mbalimbali. Sifa iliyopata ilivuta wafadhili, na shirika la Ushahidi ndilo lililoanzisha iHub. Hersman, Mmarekani aliyelelewa Sudan na Kenya, ndiye aliyeongoza kazi hiyo. Fedha kubwa za mwanzo zilitoka kwa Omidyar Network, taasisi ya mwanzilishi wa eBay.

Huenda msomaji wa leo akajiuliza kwa nini watu wa kompyuta walihitaji chumba. Jibu moja ni gharama. Hadi mwaka 2009 intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka huo, lakini mtu mmoja nyumbani kwake bado hakuweza kulipia laini ya kasi. Chumba kimoja chenye laini moja nzuri kiliwatosha watu wengi. Jibu la pili ni la zamani zaidi. Mwaka 1975 wapenzi wa kompyuta wa California walianza kukutana kwenye gereji ya mmoja wao huko Menlo Park, wakajiita Homebrew Computer Club. Steve Wozniak aliwaonyesha wenzake hao kompyuta yake ya kwanza ya Apple. Mtu anayeandika programu peke yake hukwama, na mara nyingi kosa lililomshinda siku tatu huonwa na mwenzake kwa dakika tatu.

Uanachama na mikutano

Kituo kilikuwa kwenye ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong. Uanachama ulitajwa kwa rangi. Wanachama weupe walijiandikisha tu na kupata habari. Wa kijani waliruhusiwa kuingia na kutumia meza na intaneti bila malipo, lakini walichaguliwa kwanza kwa kuonyesha kazi zao. Wekundu walilipia meza. Utaratibu huu ulilalamikiwa na waliokosa nafasi, ingawa ni vigumu kuona njia nyingine: chumba ni kimoja na waombaji walikuwa maelfu.

Jioni nyingi ukumbi ulipewa vikundi mbalimbali. Mzungumzaji alionyesha kazi yake, mara nyingi ikiwa haijakamilika, wasikilizaji wakauliza maswali, kisha watu wakabaki wakinywa kahawa. Hapo ndipo wengi walipopata washirika wa kazi. Mwaka 2010 wanawake walioona jinsi walivyo wachache ukumbini walianzisha AkiraChix, kikundi cha kuwafundisha wasichana kuandika programu. Baadhi ya wanachama wake walibuni M-Farm, huduma ya kuwapa wakulima bei za sokoni kwa ujumbe mfupi wa simu, ambayo mwaka huohuo ilishinda shindano la kubuni biashara kwa saa 48. Mwaka 2011 m:lab, kituo cha kulea kampuni za programu za simu, kilifunguliwa katika jengo hilohilo.

Suala la fedha

Mikutano ilikuwa ya bure kwa wahudhuriaji, lakini kodi ya pango, umeme na mishahara havikuwa bure. Ruzuku ya wafadhili huwa na mwisho. iHub ilijaribu kujilipia kwa kufanya utafiti, kutoa ushauri na kupokea udhamini wa kampuni kubwa. Kila njia ilikuwa na bei yake: kampuni inayodhamini jioni hutaka bidhaa yake izungumzwe, na meza inayolipiwa haiwezi tena kupewa mwanafunzi. Wakosoaji walisema pia kwamba mashindano na wageni mashuhuri ni wengi kuliko kampuni zinazopata faida. Lawama hiyo ina ukweli, ila inapima jumuiya kwa kipimo cha benki. Septemba 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook aliitembelea iHub, na sifa ilikuwa juu, lakini tatizo la mapato lilibaki palepale.

Mwaka 2017 kituo kilihamia Senteu Plaza, Kilimani, kikielekea zaidi kwenye biashara ya ofisi za kukodi na kulea kampuni changa. Septemba 2019 kilinunuliwa na CcHub ya Lagos, Nigeria, iliyoongozwa na Bosun Tijani, ambaye mwaka 2023 alikuwa waziri wa mawasiliano wa nchi yake. Bei haikutangazwa.

Tanzania

Dar es Salaam ilifuata njia tofauti kidogo. Buni Hub iliwekwa ndani ya jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), chombo cha serikali, kwa msaada wa mradi wa TANZICT uliofadhiliwa na Finland. Hivyo chumba kilitolewa na umma, na shughuli zikategemea mradi.

Vituo vyote hivyo viko kwenye miji mikubwa. Kwa kijana wa kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, jioni moja ya kuwasikiliza wanaprogramu wa Dar es Salaam ni safari ya kutwa nzima ya basi, nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala.